Chembe Nano Kwenye Mazao: Ipi Huyeyuka, Ipi Hufika Ilivyo

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walitumia mashine zinazotoa miali mikali ya eksirei kuchungulia ndani ya soya iliyokuzwa kwenye udongo mpaka ikakomaa. Udongo huo walikuwa wameuchanganya na chembe ndogo mno: kwa baadhi ya mimea oksidi ya zinki, kwa mingine oksidi ya seriamu, metali nyingine. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Kilichoingia kupitia mizizi kilifika juu kikiwa nini?

Zinki ilikuwa imefika kwenye punje, lakini chembe zenyewe hazikuonekana tena. Zilikuwa zimeyeyuka njiani, na zinki yake ilikutwa imeungana na asidi za mmea wenyewe, katika hali inayofanana na sitrati ya zinki. Seriamu nayo ilifika, ila kwa namna nyingine. Sehemu kubwa ya seriamu iliyokutwa kwenye maganda ya soya ilikuwa bado ni oksidi ileile iliyotiwa udongoni, katika chembe zilezile. Ilipita kwenye udongo, mizizi na shina, ikafika karibu kabisa na kile kinacholiwa bila kubadilika kuwa kitu kingine.

Nimeanza na jaribio hili kwa sababu naamini sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu usalama wa chembe nano katika chakula hutokana na kuisahau tofauti hiyo. Watu huuliza kama nano ni hatari au si hatari, kana kwamba wanauliza juu ya kitu kimoja. Lakini unga wa ngano, unga wa chokaa na unga wa sumu ya panya vyote ni unga. Neno hilo linakueleza usagaji tu. Halikuambii umeshika nini mkononi. Nano ni vivyo hivyo. Ni jina la ukubwa, na swali la maana zaidi ni lile la soya: chembe ilianza ikiwa nini, na ilifika ikiwa nini?

Udogo unabadilisha nini

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa kawaida kitu huitwa nano pale ambapo angalau kipimo chake kimoja kiko kati ya nanomita 1 na 100.

Chukua mchemraba wa kitu chochote wenye upande wa sentimita moja. Eneo la nyuso zake zote ni sentimita za mraba 6, unaufunika kwa vidole viwili. Sasa ukate uwe michemraba midogo yenye upande wa nanomita moja. Uzito haujabadilika hata kidogo, lakini jumla ya nyuso imekuwa mita za mraba 6,000, inakaribia uwanja wa mpira wa miguu. Kitu kigumu hukutana na dunia kwa uso wake. Ni usoni ambapo huyeyuka, hushika vitu vingine, huchochea kemikali na kugusana na seli. Ndiyo maana gramu moja ya chembe nano inaweza kuwa na tabia tofauti kabisa na gramu moja ya kitu kilekile kikiwa na punje kubwa. Ndiyo maana pia kupima usalama kwa uzito peke yake, kama ilivyozoeleka kwa kemikali, hakutoshi hapa.

Lazima niseme pia kwamba miili yetu si migeni kwa vitu vya ukubwa huu. Udongo wa mfinyanzi umejaa chembe nano. Moshi wa kuni unazo. Maziwa ni meupe kwa sababu yana vifurushi vya protini ya kasini na matone ya mafuta yanayotawanya mwanga, na baadhi ya vifurushi hivyo vina upana wa chini ya nanomita 100. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma kwenye mbegu za jamii ya kunde, ina upana wa nanomita 12 hivi. Vitu hivi vya chakula mwili huvimeng'enya, na vikishavunjwa si nano tena. Tatizo, kama lipo, tulitafute zaidi kwa vile ambavyo mwili hauwezi kuvivunja.

Zinavyofika shambani

Kuna chembe zinazoletwa shambani kwa makusudi, na sababu yake ni nzito. Kwa wastani wa dunia, takribani nusu ya nitrojeni inayotiwa mashambani ndiyo huishia kwenye mavuno. Inayobaki huchukuliwa na maji ya mvua, hupanda angani ikiwa gesi, au hukaa udongoni. Dawa za kuulia wadudu na magugu nazo hupotea kwa kupeperushwa na upepo, kuoshwa au kuharibiwa na jua. Ukiweza kuifunga dawa ndani ya kifuko kidogo kinachonata kwenye jani na kuiachia polepole, utatumia kidogo na kupata kilekile. Mwaka 2015 watafiti wa Brazili walionyesha kuwa dawa ya magugu iitwayo atrazini, ikifungwa ndani ya vifuko nano vya polima inayooza, iliendelea kudhibiti mmea wa haradali hata ilipozimuliwa mara kumi. Mtu anayejali mito na visima hawezi kulipuuza jambo kama hilo.

Lakini angalia kinachobadilika. Kifuko kitaoza, kwa hiyo hicho si wasiwasi mkubwa. Dawa iliyomo ndani ni ileile, ila sasa imepewa njia mpya ya kuingia ndani ya jani na muda mrefu zaidi wa kukaa. Kipimo cha mabaki kilichowekwa kwa dawa ya kawaida kilizingatia jinsi dawa hiyo ya kawaida inavyooshwa na kuharibika shambani. Ukibadilisha safari ya dawa, ule muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna unahitaji kupimwa upya.

Kwenye mbolea kuna jambo jingine linalonisumbua, nalo ni la hesabu. Mwaka 2021 India iliruhusu mbolea ya urea ya nano ya kupulizia majani. Wauzaji walidai kuwa chupa moja ya mililita 500 inaweza kuchukua nafasi ya mfuko wa urea wa kilo 45. Chupa hiyo ilikuwa na nitrojeni asilimia 4, yaani gramu 20. Mfuko wa urea wa kilo 45, wenye nitrojeni asilimia 46, una kilo 20 na ushee. Ni tofauti ya mara elfu moja. Ufanisi wa kufyonzwa hata ukifika asilimia mia moja hauwezi kuliziba pengo hilo, maana mmea hujenga protini kwa atomi za nitrojeni zilizopo, na gramu 20 ni gramu 20. Wanasayansi wa mimea waliandika wakipinga dai hilo, na nadhani walikuwa na haki. Hili si suala la sumu, lakini mkulima anayekosa mavuno kwa kuamini chupa ameumizwa pia.

Kisha kuna chembe zinazofika bila mtu kuzikusudia. Oksidi ya titani iliyo kwenye dawa ya meno, rangi na mafuta ya kukinga jua, na madini ya fedha yanayowekwa kwenye soksi ili zisinuke, huoshwa na kuingia kwenye mabomba ya majitaka. Mitambo ya kusafisha majitaka hunasa sehemu kubwa ya chembe hizi na kuziacha kwenye tope. Tope hilo, kwa kuwa lina rutuba, katika nchi nyingi humwagwa mashambani kuwa mbolea. Yule aliyenunua soksi na yule aliyepanda letusi hawajuani kabisa, lakini sasa wana uhusiano.

Hapa napo swali la soya linatusaidia. Ndani ya tope la majitaka, fedha hukutana na salfa na kugeuka salfaidi ya fedha, kitu kisichoyeyuka kwa urahisi na chenye makali madogo zaidi kuliko fedha iliyotoka kwenye soksi. Mwaka 2010 chembe hizo za salfaidi zilitambuliwa kwenye tope la mtambo mmoja nchini Marekani. Titani haibadiliki. Inaingia ikiwa oksidi, inakaa ikiwa oksidi, na kila tope jipya linaongeza juu ya lililotangulia.

Milango ya mmea

Mmea si sponji. Ukuta wa seli ya mzizi una vitundu ambavyo kwa kawaida vina upana wa nanomita chache hadi kama 20, kwa hiyo chembe nyingi hukwama nje na kuganda juu ya ngozi ya mzizi. Zinazopita hutambaa kati ya seli mpaka zikutane na kizuizi cha pili: mkanda wenye nta unaozunguka seli za tabaka la ndani la mzizi na kulazimisha kila kitu kipite ndani ya seli hai kabla ya kuingia kwenye zilemu, ile mirija inayopandisha maji. Kizuizi hiki ni kizuri, lakini kina mianya. Kwenye ncha changa za mizizi mkanda huo bado haujakomaa, na pale mzizi mpya wa pembeni unapochomoza hulipasua tabaka hilo. Mizizi iliyojeruhiwa na minyoo au jembe nayo hufungua njia.

Juu ya ardhi milango ni stomata, vitundu vya majani vya kupumulia. Hivyo ni vipana sana kwa kipimo cha nano, mikromita kadhaa, kwa hiyo chembe iliyopuliziwa ina nafasi nzuri ya kuingia. Ikishaingia huweza kuchukuliwa na mirija ya floemu pamoja na sukari, kuelekea popote mmea unapohifadhi chakula chake: tunda, punje, kiazi. Ndiko tunakovuna sisi.

Ushahidi kwamba safari hii hutokea upo. Kwenye matango yaliyokuzwa katika udongo wenye oksidi ya titani, watafiti waliifuatilia kwa eksirei mpaka ndani ya tunda, ikiwa bado ni oksidi. Kwa mapeasi yaliyotiwa chembe za fedha juu ya ganda, utafiti wa 2012 ulikuta fedha bado ipo siku nne baadaye hata baada ya kuoshwa. Chembe za nanomita 20 zilikuwa zimepenya ganda na kuingia kwenye nyama ya tunda, lakini zile za nanomita 70 hazikufika huko. Kwa hiyo ushauri wa kuosha matunda vizuri, ambao ni sahihi kwa vumbi na vijidudu, hausaidii kwa kitu kilichokwisha kuingia ndani.

Kiasi kinachopita, hata hivyo, kwa kawaida ni kidogo. Katika majaribio mengi sehemu kubwa ya chembe hubaki kwenye mizizi, na sehemu inayofika kwenye punje au tunda ni ndogo sana. Hilo lina maana moja kwa zao linaloliwa punje na maana nyingine kwa karoti.

Udongo huumia kabla ya mlaji

Ukinilazimisha nitaje hatari moja ambayo ushahidi wake unanishawishi zaidi leo, sitaitaja saratani. Nitataja vinundu vya mizizi ya soya.

Soya, kama jamii yote ya kunde, huishi kwa ushirika na bakteria wa rizobia wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi yake na kuubadilisha nitrojeni wa hewani uwe chakula cha mmea. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walikuza soya kwenye udongo wenye chembe za oksidi ya zinki au ya seriamu mpaka mavuno. Mimea ya zinki ilikua vizuri, hata kuzidi kidogo, ila zinki ilirundikana kwenye majani na punje. Ile ya seriamu ilidumaa, na kwenye kiwango cha juu kazi ya vinundu ya kunasa nitrojeni ilikaribia kuzimika. Fikiria maana yake. Zao linalopendwa kwa sababu linairutubisha ardhi linageuka kuwa zao linalohitaji kununuliwa mbolea. Seriamu nayo haitengenezwi kwa ajili ya kilimo tu. Imekuwa ikitiwa kwenye dizeli ili iungue vizuri zaidi, na moshi huanguka popote.

Bakteria nao wana njia zao za kujibu. Mwaka 2018 ilionyeshwa kuwa bakteria aina ya E. coli, wakikutanishwa na chembe za fedha mara kwa mara, hujifunza kutoa protini ya mkia wao wa kuogelea inayozifanya chembe zigandamane na kupoteza makali. Hawakuhitaji hata kubadilika kijeni. Fedha ni silaha muhimu kwenye tiba ya majeraha ya moto, na sioni busara ya kuwazoesha bakteria silaha hiyo kwa kuimwaga ovyo kwenye mimea na mavazi.

Hapa inanibidi nimwonye msomaji juu ya namna ya kusoma tafiti za aina hii. Nyingi zimetumia vipimo vikubwa kupita kiasi. Utafiti mmoja maarufu wa 2007, uliolinganisha aina tano za chembe kwa mbegu za mimea sita, ulitumia miligramu 2,000 kwa lita. Zinki na oksidi yake zilidumaza mizizi kwa kiasi cha kutisha, lakini hakuna mkulima anayepanda mbegu ndani ya uji kama huo. Tafiti nyingine hukuza mimea kwenye maji matupu, ambako hakuna mfinyanzi wala mboji ya kuzishika chembe. Matokeo hayo hutusaidia kujua jinsi madhara yanavyotokea. Hayatuambii kama yatatokea shambani. Kinyume chake nacho ni kweli: mwaka 2009 mirija nano ya kaboni ilionyeshwa kuharakisha uotaji wa mbegu za nyanya kwa kutoboa ganda la mbegu na kuingiza maji, na habari hiyo ilishangiliwa. Mimi nilivyoielewa ni kwamba kitu kinachoweza kutoboa ganda la mbegu kinastahili kuulizwa kitakavyokuwa kwenye ngozi nyingine.

Yanayobebwa na yanayorundikana

Chembe yenye uso mkubwa hubeba abiria. Shamba lenye mabaki ya dawa ya zamani ya DDT, ambayo huvunjika na kuwa DDE na kudumu udongoni miongo mingi, linaweza kuwa salama kwa kiasi fulani kwa sababu DDE imeshikwa na udongo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa chembe za kaboni zijulikanazo kama fulerini ziliongeza kiasi cha DDE kilichoingia kwenye maboga, soya na nyanya. Madhara hapo yangetoka kwa sumu ya zamani iliyopata usafiri. Mara nyingine mambo huenda kinyume, na chembe hupunguza: chembe nano za silika, madini yaliyo kwenye mchanga, zimeonyeshwa kupunguza kadimiamu, metali yenye sumu, inayoingia kwenye mpunga, jambo la faida kubwa panapolimwa kwenye udongo uliochafuliwa. Kwa hiyo kupima chembe peke yake kwenye udongo safi hakutoshi. Mashamba halisi yana historia.

Kwenye mnyororo wa chakula kuna jaribio moja ambalo silisahau. Chembe za dhahabu, ambazo haziyeyuki na ni rahisi kuzifuatilia, ziliwekwa kwenye maji ya miche ya tumbaku. Viwavi walioyala majani walikuwa na dhahabu nyingi kwa kila gramu ya mwili kuliko majani yenyewe. Ilikuwa 2011. Dhahabu si sumu kali na viwavi si watu, ila jaribio lilithibitisha kwamba chembe isiyoyeyuka inaweza kuongezeka kadiri inavyopanda ngazi ya ulaji, jambo tulilolizoea kwa zebaki kwenye samaki.

Tumboni

Tuseme chembe imefika kinywani. Ile ya zinki, kama tulivyoona, imekwisha kuwa zinki ya kawaida, madini ambayo mtu mzima anahitaji miligramu 8 hadi 11 kwa siku. Kinachobaki ni kuangalia isizidi, kwa vipimo tulivyo navyo tangu zamani. Hata chembe ya zinki ambayo haikuyeyuka shambani ina uwezekano mkubwa wa kuyeyuka kwenye asidi ya tumbo.

Oksidi ya titani haiyeyuki tumboni. Inapofika kwenye utumbo inakuwa imevikwa vazi la protini na mafuta kutoka kwenye chakula chenyewe, na seli za utumbo hukutana na vazi hilo kabla ya chembe. Ute mzito unaofunika utumbo hunasa nyingi, nazo hutoka na choo. Chache hupita, hasa kupitia seli maalumu ambazo kazi yake ni kuokota vijidudu na kuvipeleka kwa askari wa kinga ya mwili. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilikubali kuwa titani inayofyonzwa ni kidogo sana, lakini ikasema inaweza kurundikana mwilini. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza viungo vya watu 15 waliofariki walikuta chembe za titani kwenye ini na bandama.

Titani ndiyo kesi pekee ambayo tumeifuata mpaka mwisho, na ndiyo maana nakaa hapa. Unga mweupe wa oksidi ya titani, kwa namba yake E171, ulitumika kung'arisha peremende, ubani wa kutafuna na vidonge kwa miongo mingi. Haukuuzwa kama bidhaa ya nano. Walipoupima kwa darubini ya elektroni, sehemu kubwa ya punje zake, zaidi ya theluthi moja katika sampuli moja iliyochapishwa mwaka 2012, zilikuwa chini ya nanomita 100. Mwaka 2017 utafiti wa Kifaransa uliwalisha panya E171 kwa siku 100 na kukuta mabadiliko ya awali ya saratani kwenye utumbo mpana wa baadhi yao. Utafiti mwingine wa panya uliofuata haukuyaona. Ufaransa haikusubiri: kuanzia 1 Januari 2020 ilisimamisha matumizi yake kwenye chakula. Mei 2021 EFSA ilisema haiwezi tena kuihesabu E171 kuwa salama, kwa kuwa uwezekano wa kuharibu DNA haukuweza kuondolewa na hivyo hakuna kipimo cha salama kinachoweza kuwekwa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye chakula.

Wengine walisoma ushahidi huohuo wakatoka na jibu jingine. Kanada na Uingereza hazikukubaliana na EFSA. Marekani inaendelea kuiruhusu mpaka asilimia moja ya uzito wa chakula. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliipitia upya mwaka 2023 na kubaki na msimamo wake wa zamani kwamba hakuna haja ya kuiwekea kikomo.

Si kwamba upande mmoja umenunuliwa au haujui sayansi. Wanatofautiana juu ya nani anabeba mzigo wa ushahidi, na juu ya jambo moja la kiufundi: je, jaribio lililotumia chembe nano zilizotenganishwa vizuri kwenye maji linaeleza chochote kuhusu E171 iliyoganda ndani ya peremende? Mimi nakubaliana na Ulaya katika hili, kwa sababu moja ya kawaida kabisa. Titani haikuongeza lishe, haikuhifadhi chakula, haikuua kijidudu. Ilileta weupe tu. Kwa faida ndogo hivyo, shaka ndogo inatosha kuiondoa. Kwa mbolea inayookoa mto, ningekuwa tayari kuvumilia shaka kubwa zaidi huku nikidai vipimo.

Lebo isiyoona mzizi

Sheria za chakula za Umoja wa Ulaya zinataka kila kiungo cha nano kilichotengenezwa kwa makusudi kiandikwe hivyo kwenye orodha ya viungo, na chakula kipya chenye nano kiidhinishwe kwanza. Ni sheria nzuri, ila inahusu viungo. Chembe iliyoingia kwenye tango kupitia mzizi haikuwekwa na mpishi wala kiwanda. Haiko kwenye orodha yoyote, na tango halina orodha.

Hata mkaguzi mwenye nia njema angeitambuaje? Titani ni takribani nusu asilimia ya uzito wa ganda la dunia, imejaa kwenye udongo wa kila mahali. Seriamu ni ya kawaida udongoni karibu sawa na shaba. Kifaa cha kawaida cha maabara kitakwambia tango lina titani kiasi gani. Hakitakwambia kama ni vumbi la asili au chembe ya kiwandani, nzima au iliyoyeyuka. Njia za kuhesabu chembe moja moja zipo: sampuli hulainishwa kwa vimeng'enya ili chembe zisiharibiwe na asidi, kisha hupitishwa kwenye mashine inayosoma kila chembe kama mmweko mmoja. Eksirei kama zile za jaribio la soya huonyesha umbo la kikemia. Lakini hizi ni mashine za vituo vichache vya utafiti, mbali sana na ukaguzi wa kila siku sokoni.

Kwa hiyo kazi nzito inabaki pale bidhaa inapoombewa kibali, kabla haijafika shambani. Hapo ndipo mtengenezaji anapaswa kuonyesha kama chembe yake huyeyuka, huyeyuka wapi na kwa muda gani, na ni nini hukutwa kwenye sehemu inayoliwa pale inapotumika kwa kipimo cha lebo, kwenye udongo halisi, mpaka mavuno. Ile inayoyeyuka na kuwa kirutubisho ihukumiwe kama kirutubisho. Ile isiyoyeyuka ihojiwe zaidi, na ihojiwe kwa muda mrefu, kwa sababu ikishatiwa udongoni hakuna njia ya kuiokota.

Neno muda ndilo linalokosekana mara nyingi. Mwaka 2009 kikundi cha watafiti kilichovya mbegu za mpunga kwenye maji yenye fulerini. Chembe nyeusi ziliingia kwenye mizizi, zikapanda shina, zikaonekana kwenye majani. Mimea ilipokomaa walivuna mbegu zake na kuzipanda upya, safari hii bila kuongeza fulerini yoyote. Chembe nyeusi, chache kuliko mwanzo, zilionekana tena kwenye majani ya kizazi cha pili. Majaribio mengi tuliyo nayo huishia siku ya mavuno ya kwanza.